Pembe Isiyokuwa Yake

Kila alasiri kengele ya mwisho ilipolia, wanafunzi wa darasa la sita walitoka shuleni makundi makundi, na Mgeni alitoka peke yake. Jina hilo alilipata siku ya kwanza alipohamia, mwalimu aliposema, "Mpisheni mgeni akae." Muhula uliisha, ukaanza mwingine, na bado aliitwa Mgeni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Darasani kwao siku ya tatu ilikuwa imepita zamani, na hakuna aliyempa hata ufagio.

Hakwenda nyumbani, kwa sababu nyumbani hakukuwa na mtu. Alipita duka la mbao, akakata kona kwa fundi viatu, akaingia kwa mlango wa nyuma wa makumbusho, ule wenye maandishi WAFANYAKAZI TU. Bawabu alikuwa amemzoea.

"Leo umechelewa kazini. Nikufukuze?" alimtania.

"Shikamoo, babu," Mgeni alijibu, akateremka ngazi kwenda karakana ya mifupa.

Huko ndiko alikofanya kazi mama yake. Alikuwa fundi wa kusafisha mifupa ya kale, ile iliyokaa ardhini muda mrefu mno hata ikageuka mawe. Kazi yenyewe haitaki pupa. Mfupa huletwa ukiwa umefungwa plasta, kama mguu wa mtu aliyeanguka. Fundi huufungua, huuchokoa udongo kwa sindano, huupangusa kwa brashi, kisha huunganisha vipande vyake kwa gundi. Kipande kikishapakwa gundi, mfupa huchomekwa ndani ya sanduku la mchanga, usimame bila kutikisika mpaka gundi ikauke.

Mama alifanya kazi akiongea na mifupa. "Njoo, mama, usinisumbue," alinong'ona chini ya taa ya mezani. "Geuka huku kidogo. Ahaa, hapo hapo." Mgeni alikaa kwenye kiti cha pembeni, kitabu cha hesabu mapajani, akisikiliza maneno matamu yote yale yakienda kwa mawe. Kuuonea wivu mfupa ni jambo la kuchekesha, lakini Mgeni hakucheka. Alitamani kuitwa hivyo yeye.

Wakati ule mezani kulikuwa na mnyama mmoja tu, kama kweli alistahili kuitwa mnyama. Alikuwa dinosaria wa jamii ya wale wenye shingo ndefu na mkia mrefu, waliotembea kwa miguu minne minene kama nguzo wakila majani. Alipokuwa hai, huenda angechungulia dirisha la ghorofa bila kujinyoosha. Sasa alienea mezani, na nafasi ya kikombe cha chai ikabaki. Wachimba kokoto walikuwa wameona pingili mbili za mkia wake, nusu ya mfupa wa paja, na vipande vidogo vidogo vilivyojaa boksi moja. Wataalamu walirudi kuchimba pale msimu mzima, wasipate hata jino.

Aliyemchunguza mnyama huyo aliitwa Daktari, ingawa hakuwahi kumchoma mtu sindano. Alikuwa mtaalamu wa wanyama wa kale, mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, na mara kwa mara alizitafuta zote mbili.

"Pingili hii ina mfereji mwembamba hapa chini," alisema siku moja. "Sijawahi kuuona kwa dinosaria mwingine. Huenda ni aina mpya kabisa."

"Na hii ya pili nayo inao," mama alisema.

"Inao, lakini ukingo wake umevunjika na haikai na mwenzake. Sijui hata kama ni za mnyama mmoja. Mfupa mmoja ukiwa na alama, huenda ni jiwe limeukwaruza tu. Siwezi kuapa kwa mkwaruzo."

"Basi turudi kwenye boksi," mama alisema, akavuta pumzi.

Boksi lile lilikuwa limewashinda. Kila kipande kilijaribiwa huku na huku, na kila mara kwa kanuni ileile. Mama alimfundisha Mgeni kanuni hiyo tangu akiwa mdogo: usiamini macho. Funga macho, uliza vidole. Kipande kikipata mahali pake hujifunga, na vidole hujua. Na hata vidole vikikubali, watu wawili waone kwanza kabla gundi haijafunguliwa.

"Mama, Jumamosi hii tutakwenda bustanini?" Mgeni aliuliza.

"Nikimaliza pingili hii, mwanangu. Tutakwenda mimi na wewe tu, mpaka watufungie geti."

Mama hakuwa mwongo. Tatizo ni kwamba pingili haikuisha. Jumamosi zilikuja na kupita, na Mgeni alizitumia kwenye kiti kilekile, akisikia watoto wa mtaani wakicheza nje ya dirisha dogo lililokuwa juu usawa wa barabara. Aliona viatu vyao tu.

Siku moja lori lilileta plasta, na mama akaitwa juu kupokea mifuko. Sandukuni aliacha pingili ya kwanza, ambayo asubuhi alikuwa ameiunganisha vipande kadhaa. "Usiguse kitu, mwanangu," alisema akifunga mlango.

Mgeni alikaa. Kisha akasimama. Kisha akasogea mezani, kutazama tu. Ndani ya boksi aliona kipande chenye ncha, ukubwa wa kidole gumba, na juu ya pingili aliona mahali palipochimbika kidogo. Alikiweka pale. Kilipendeza! Hakufunga macho, wala hakuuliza vidole. Aliwaza jambo moja tu, kwamba pingili ikiisha, Jumamosi itakuwa yao. Alipaka gundi, akakibandika, akarudi kwenye kiti chake na kufungua kitabu cha hesabu.

Mama alirudi mweupe kwa vumbi la plasta, akishika kiuno. Hakutazama sandukuni. Alimshika mwanawe mkono, wakaenda nyumbani.

Kesho yake Daktari alikuwepo mama alipoichomoa pingili mchangani. Alibadilisha miwani. Akabadilisha tena.

"Hii nini?" aliuliza. "Pembe? Dinosaria mwenye pembe mkiani? Fundi, umeipata wapi?"

Mama aliigeuza pingili polepole. Uso wake ulionyesha mshangao, kisha akajipiga kofi dogo kwenye paji la uso. "Niliunganisha vipande vingi jana asubuhi, nami nilikuwa na usingizi. Lazima nilikiona hiki kinakaa, nikakibandika."

"Una hakika ni wewe?"

"Nani mwingine? Humu ndani mna mikono ya nani zaidi ya hii yangu?"

Na mama akacheka. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kiwiko. Hakuwa amecheka hivyo tangu wahame, tangu walipobaki wawili. Mgeni alikuwa amefungua mdomo ili aseme. Alikisikia kicheko kile, akaufunga.

Jumamosi walikwenda bustanini kweli. Walitembea chini ya miti, wakakaa kwenye benchi, na mama akamshika bega muda wote. Lakini kila neno la mama lilikuwa pembe, pembe, pembe. Mgeni alikuwa amepata alichokitaka, na hakikuwa na ladha.

Habari zilitoka kwenye redio: dinosaria mwenye pembe mkiani! Hapo mambo ya shuleni yakageuka. Msichana mmoja wa darasa lao, aliyeitwa Redio kwa sababu hazimwi, alikuja mbio mpaka kwenye dawati la Mgeni.

"Eti ni kweli mama yako ndiye aliyeiona? Na wewe umeigusa? Ilikuwa inachoma? Mnyama aliitumia kupigana? Sogea nikae."

Tangu siku ile Mgeni hakukaa peke yake. Wakati wa mapumziko walimzunguka, wakamgawia vitu vyao, wakamuuliza maswali. Mwalimu aliwaambia wote wachore, na michoro ikabandikwa ukutani. Kulikuwa na dinosaria wa kijani, wa zambarau, mwingine wa Redio aliyevaa viatu, na kila mmoja alikuwa na pembe mkiani. Wengine walimpa safu nzima ya pembe, ndefu kuliko mikuki.

Mgeni alisimama mbele ya ukuta ule wenzake walipokwisha kutoka. Darasa zima lilikuwa limechora uongo wake. Alikuwa mpweke kuliko alipokuwa hana rafiki hata mmoja, maana zamani hakuwa na wa kuambia, na sasa alikuwa nao na hawezi kuwaambia. Akisema, Redio atahama dawati. Mama hatacheka tena. Huenda hata watamfukuza kazi, na wataanza upya mahali pengine ambako ataitwa Mgeni tena.

Alasiri ile alikuta karakana imepangwa kama ukumbi wa harusi. Daktari alikuwa ameleta kamera na kitambaa cheusi, na pingili imeketi katikati.

"Leo tunapiga picha, kesho zinakwenda kwa wataalamu wenzangu kila pembe ya dunia," alisema kwa furaha. "Zikishakwenda, mnyama wetu atapewa jina. Nimemlinganisha na wote wanaojulikana, hakuna anayefanana naye. Pembe hii imemtenga kabisa. Hana ndugu, maskini. Yuko peke yake."

Mgeni aliutazama mfupa ule. Alijua kuwa peke yake kulivyo. Na huyu mnyama hakutengwa na Mungu wala na wakati. Alitengwa na yeye, kwa gundi.

"Huenda anao ndugu," alisema.

"Unasemaje, mjukuu wangu?"

"Huenda anao. Pembe si yake." Aliinyooshea kidole. "Niliibandika mimi. Siku ya lori. Sikufunga macho, nilikiweka tu kipande kwa sababu kilipendeza."

Daktari aliishusha kamera. Mama alikaa chini taratibu.

"Mbona hukuniambia?" aliuliza. Hakufoka, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Nilitaka kukwambia. Ulikuwa unacheka."

Mama alifunika uso kwa mikono yake yenye vumbi. Alipoifunua, macho yalikuwa mekundu. "Na mimi niliona kitu nisichokumbuka kukifanya, nikasema nimekifanya," alisema. "Kanuni ya watu wawili naifundisha mimi, na mimi ndiye niliyeiruka. Daktari, kosa hili si la mtoto peke yake."

"Wala si lenu wawili tu," Daktari alisema. "Nami niliipenda ile pembe, nikaacha kuuliza." Alivua miwani zote mbili. "Gundi ipi, mjukuu wangu?"

"Ile ya chupa nyeupe."

"Basi tuna bahati. Hiyo inatoka."

Mama alilowesha pamba kwa asetoni, maji ya kuyeyushia gundi, na karakana ikanuka kama saluni ya kucha. Aliikandamiza taratibu kwenye mzizi wa pembe, akasubiri, akalowesha nyingine. "Gundi hii ikikaa sana hung'ang'ania," alisema, kama anayeongea na mfupa. "Ukichelewa, hutoka na ngozi ya mfupa." Hatimaye pembe ililegea na kuanguka kiganjani mwake. Sasa ilikuwa kipande tu, kidogo, chenye ncha.

Mgeni alidhani atafukuzwa mle ndani. Badala yake mama alimkabidhi kipande kile.

"Haya, kirudishe kwao. Funga macho."

"Mimi?"

"Wewe ndiye uliyekipoteza. Sisi tutaangalia."

Mgeni alifunga macho. Alikipitisha kwenye mfupa wa paja, kikateleza. Akakipitisha kwenye pingili ya kwanza, chini, ubavuni, kikakataa. Aliigusa pingili ya pili, ile iliyovunjika ukingo, akakizungusha polepole, akakizungusha tena. Ghafla kikajifunga. Kilikaa kama mfuniko kwenye chungu chake, na vidole vikajua kabla ya kichwa.

"Mama," alinong'ona.

Mama naye alifunga macho, akajaribu. Daktari akajaribu. Kisha Daktari alizichukua pingili mbili na kuzisogeza uso kwa uso. Ule ukingo uliokosekana sasa ulikuwepo, na mifupa miwili iliyokuwa ikikataana ikakaa pamoja bila pengo. Chini yake mfereji ule mwembamba ulitoka kwenye pingili ya kwanza ukaingia ya pili, umenyooka, haukukatika popote.

Daktari alikaa juu ya mfuko wa plasta. "Si mkwaruzo," alisema. "Jiwe halikwaruzi mifupa miwili kwa mstari mmoja hivi. Ni mnyama mmoja, zilikuwa pingili jirani mkiani mwake, na mfereji ni wake wa kuzaliwa. Fundi, ni aina mpya. Bila pembe!"

Siku iliyofuata Mgeni aliomba ruhusa kwa mwalimu, akasimama mbele ya darasa, akasema yote. Kuna waliozomea. Kuna aliyesema, "Tulijua tu." Mwalimu aliwanyamazisha na kuishusha michoro ukutani, na kila mchoro ulioshuka Mgeni aliusikia moyoni. Wakati wa mapumziko alikaa peke yake, kama zamani, akitazama uwanja uliojaa watoto wa watu.

Kivuli kikaangukia miguu yake. Alikuwa Redio, na mchoro wake mkononi.

"Pembe niliichora kwa wino, haifutiki," alisema kwa hasira. "Sasa itabidi nichore mnyama mzima upya."

"Samahani."

"Samahani haijui kuchora. Huo mfereji uko wapi? Juu au chini? Nionyeshe. Na viatu simvui." Akaketi, akamsukuma Mgeni kwa nyonga ili apate nafasi.

Siku ya maonyesho darasa zima lilikwenda makumbusho. Ndani ya kioo hapakuwa na jitu la kutisha. Palikuwa na pingili mbili zilizokaa pamoja na nusu ya paja, na mchoro wa mnyama mzima ukutani, sehemu zinazojulikana zimepakwa rangi na zilizobaki zimeachwa mistari mitupu. Mistari mitupu ilikuwa mingi.

"Mbona ni kidogo hivi?" mmoja aliuliza.

"Ni kidogo kweli," Daktari alijibu. "Lakini wanangu, kidogo hiki ni cha kweli, na mwenye ukweli kidogo ana mahali pa kusimama. Ile pembe ilipendeza. Tungejenga juu yake miaka mingi, na siku ingeanguka tungeanguka nayo wote. Mwenzenu alijua kwamba akisema huenda atabaki peke yake. Akasema. Nanyi mtakosea, kila mtu hukosea. Mkikosea, semeni mapema. Kosa ni kama gundi. Likiwahiwa hutoka kwa pamba, likiachwa hutoka na ngozi."

Walipokwisha kutazama, wenzake walipanda juu, ila Redio aliyekuwa bado anauliza maswali, na Mgeni akateremka naye karakanani. Mezani kulikuwa na mfupa mpya ndani ya plasta. Mama alifungua droo, akatoa brashi ndogo, mpini wake umezungushiwa utepe ili utoshe mkono wa mtoto.

"Mgeni siku mbili," alisema. "Jembe lako limechelewa, nisamehe."

"Na langu je?" Redio aliuliza.

"Wewe jifunze kunyamaza kwanza. Hawa wamelala muda mrefu, utawaamsha."

Mgeni alishika brashi, akainama chini ya taa.

"Njoo, mama," sauti ya mama ilinong'ona kando yake. "Geuka huku kidogo. Ahaa, hapo hapo."

Mgeni aliinua macho aone ni mfupa gani unaoambiwa. Mama hakuwa akitazama mfupa wowote. Alikuwa akimtazama yeye.